Rushwa ya ngono mpakani: makanisa yavunje ukimya

Mama anayevuka mpaka na beseni la ndizi, au aliyerudi kutoka kambini na watoto na turubai moja, anahitaji kalamu ya mtu kila hatua: ushuru, uhamiaji, orodha ya chakula, kiwanja. Wapo wanaoitumia kalamu hiyo kudai mwili wake. Jambo hilo lina jina: rushwa ya ngono.

Wasiodhani ni tatizo wakumbuke yaliyokwisha andikwa. Mwaka 2002, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na Save the Children walieleza jinsi wasichana wa kambini nchini Guinea, Liberia na Sierra Leone walivyodaiwa ngono ili wapate msaada. Mwaka 2003, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alipiga marufuku wafanyakazi wake kutoa fedha, kazi au msaada kwa kubadilishana na ngono. Hata hivyo, tume huru iliyochunguza kazi ya kupambana na Ebola mashariki mwa Kongo kati ya 2018 na 2020 ilitaja watuhumiwa 83 katika ripoti yake ya Septemba 2021. Kati yao, 21 waliajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Wanawake walisema waliahidiwa kazi.

Sheria zipo. Tangu mwaka 2007, sheria ya rushwa ya Tanzania inamhesabu kuwa mhalifu mwenye madaraka anayedai ngono ili atoe ajira au haki ya mtu. Lakini sheria inahitaji mlalamikaji, na mlalamikaji anahitaji watu wa kusimama naye. Hapo ndipo ninapoyaangalia makanisa yetu.

Nasema wazi: mara nyingi tumekuwa upande wa mkosaji. Kesi inamalizwa kimya kimya na wazee, familia inapewa mbuzi, mwanamume anaomba msamaha na kubaki kwenye kiti chake. Msichana aliyepata mimba ndiye anayetengwa na kuondolewa kwenye kwaya. Kanisa lina haki ya kusamehe dhambi, lakini halina haki ya kufuta jinai. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kanisa likitaka, linaweza. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999, ni ya makanisa ya Kipentekoste, na daktari wake Denis Mukwege alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Si kila parokia itajenga hospitali, ila kila parokia inaweza kumsindikiza mwathirika hospitalini kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi hazifai baada ya hapo. Nchini Rwanda vituo vya Isange, vilivyoanza mwaka 2009, vinatoa matibabu na msaada wa kisheria mahali pamoja. Tangazo la Jumapili lingetosha kuwajulisha wengi.

Yapo na mengine yasiyo na gharama. Vikundi vya kuweka na kukopa viwape wachuuzi mtaji, ili wasilazimike kumpigia magoti tajiri. Wavuke wakiwa wengi, wadai risiti. Msaada ukigawiwa, orodha isomwe hadharani na akina mama wawemo kwenye kamati. Mchungaji au katekista akituhumiwa, apelekwe polisi kama mtu mwingine yeyote. Kumhamishia parokia nyingine ni kuhamisha hatari.

Dada uliyedaiwa hayo mpakani au kambini, kosa si lako. Mweleze mtu unayemwamini, na mtaje aliyekudai kwa jina. Nanyi wachungaji na wazee wa mitaa, atakapokuja kwenu, msimuulize alikuwa amevaa nini. Muulizeni ni nani, kisha ongozaneni naye.