Nilipowatembeza Wazazi Wangu Ngorongoro

Ndugu msomaji, katika mji huu wa Arusha tupo wengi tunaokula mkate unaotokana na wageni waendao mbugani, ilhali mbuga zenyewe hatujazikanyaga. Kila alfajiri magari hupita mbele ya nyumba zetu yakielekea Makuyuni, yamejaa watu waliovuka bahari kuja kutazama kilicho chetu; nasi hushika njia ya kiwandani, dukani au ofisini. Mimi nimekaa hapa miaka kumi na minane. Kama wazazi wangu wasingekuja kunitembelea, ningeufikisha mwaka wa kumi na tisa bila ya kuiona Ngorongoro.

Wazazi wangu ni wakulima wa Liwale, mkoani Lindi. Walifika mwezi wa saba, baada ya kuuza ufuta, wakiwa wamekaa siku mbili ndani ya basi. Mama alikuja na mfuko wa korosho zilizobanguliwa na jogoo mmoja aliyewasumbua abiria njia nzima. Kwa desturi mzazi akija mjini hupelekwa kupimwa macho, kuona soko na kuwazungukia jamaa. Hayo yote tuliyafanya. Lakini nakiri kwamba nilitaka jambo kubwa zaidi, ili wakirudi kijijini waseme kuwa mtoto wao naye amekuwa mtu. Nikashauriana na majirani wawili, tukachanga fedha za kukodi gari moja lenye nguvu ya kushuka kreta. Kiingilio cha raia ni sehemu ndogo tu ya kile anachotozwa mgeni wa nje. Gharama iliyotuelemea ilikuwa ni gari, na ndiyo maana nasema kuchanga ni busara.

Baba alipoambiwa hakufurahi hata kidogo. "Mwanangu," akasema, "unatoa fedha nikatazame ndovu? Ndovu mimi nimewatazama usiku kucha, juu ya dungu, debe mkononi. Shamba la mihogo la mwaka mzima walilimaliza kwa usiku mmoja."

Sisi tulicheka. Yeye hakucheka.

Hata hivyo Jumamosi tuliondoka kabla ya mapambazuko. Tulipita Mto wa Mbu, tukaupanda ukuta wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likibaki chini yetu, tukayavuka mashamba ya Karatu na kufika langoni. Kutoka hapo barabara hupanda ndani ya msitu na ukungu. Ukingo wa kreta uko kwenye mwinuko wa mita 2,300 hivi, na baridi ya mwezi wa saba si ya kuchezea. Mama alivaa sweta langu, akajitanda khanga mbili juu yake, na bado meno yakagongana. Ukungu ulipofunguka alisimama kimya kitambo, kisha akauliza: "Chungu hiki alikifinyanga nani?"

Dereva wetu, kijana mwenye adabu, akamweleza kwamba hapo palikuwa na mlima wa moto mrefu sana, ambao kilele chake kiliporomoka ndani yake wenyewe zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Lililobaki ni shimo lenye kina cha mita 600 na uwanda wa kilomita za mraba zipatazo 260, lenye ziwa la magadi, msitu, chemchemi na malisho. Mwaka 1979 dunia iliitambua Ngorongoro kuwa urithi wa wanadamu wote.

Tuliposhuka tuliwaona nyumbu na pundamilia wasio na idadi, nyati wenye nyuso za hasira, na simba wawili waliolala kana kwamba wamelipwa kulala. Faru mweusi tulimwona kwa mbali. Tulidhani ni jiwe mpaka jiwe lilipogeuza kichwa. Mama aliuliza walipo twiga, maana twiga ndiye aliyekuwa akimfahamu kutoka kwenye noti na nembo. Akaambiwa kuwa ndani ya kreta hakuna twiga hata mmoja. Kuta ni kali kwa miguu yake mirefu. "Basi na mimi magoti yangu yangenizuia," akasema Mama, na gari zima likaangua kicheko.

Mchana tulipumzika kwenye chemchemi ya Ngoitokitok. Dereva alituonya tule ndani ya gari, lakini Mama alitaka kukaa kwenye majani kama mtu mwenye heshima zake. Hakuwahi kutafuna. Mwewe alishuka kama mshale, akakitwaa kipaja cha kuku kutoka mkononi mwake, akaenda zake. Mama hakushtuka, alikasirika. "Kumbe hata huku mwewe ni yule yule!" Nadhani hapo ndipo alipoanza kujisikia yuko nyumbani.

Baba yeye alikuwa amenyamaza. Alizungumza mara mbili tu. Mara ya kwanza ni pale dereva alipotuambia kuwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ndugu wawili wa Kijerumani walikuwa na mashamba humo ndani ya kreta, na kwamba mabaki ya nyumba yapo hadi leo. Baba akatikisa kichwa: "Walifika hata huku?" Sisi watu wa Liwale tunawakumbuka, boma lao lilichomwa kwetu mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipoanza. Mara ya pili ni katika msitu wa Lerai. Ndovu dume, mzee, mwenye pembe zilizokaribia ardhi, alikuwa akila peke yake. Dereva akasema kwamba majike na watoto hukaa zaidi kwenye msitu wa juu, na wanaoonekana sana humu chini ni madume, wengi wao wazee, wanaopenda majani laini ya bwawani kwa sababu magego yao yamesagika. Baba alimtazama kwa muda mrefu. "Huyu naye amestaafu," akasema taratibu. Sikuisikia chuki niliyoizoea katika sauti yake.

Lakini jambo lililonifanya niandike makala haya lilitokea tulipokwisha kupanda tena ukingoni. Tulisimama ili injini ipoe. Kando ya barabara palikuwa na mzee wa Kimasai aliyekuwa akichunga, amejifunika shuka, umri wake unalingana na wa Baba. Wakaamkiana. Baba akampa korosho, naye akazitafuna kwa uangalifu, kisha akauliza zinaota wapi. Baba akamwuliza kama pale ndipo kwao. Mzee akajibu kwamba kwao ni Moru, ndani ya Serengeti; alikuwa mtoto wa kuchunga ndama walipohamishwa kuletwa Ngorongoro, mwaka 1959 hifadhi mbili zilipotenganishwa: Serengeti ya wanyama peke yao, Ngorongoro ya watu, mifugo na wanyama pamoja. Akaongeza kwamba sasa mwanawe wa kwanza yuko Msomera, wilayani Handeni, ambako familia zimekuwa zikihamia tangu mwaka 2022. Wa pili amebaki naye. Hakulalamika wala hakusifu. Alihesabu tu, kama mtu anayehesabu ng'ombe zake jioni.

Baba akasema: "Sisi pia tulihamishwa."

Nami nilikuwa nimesimama pale pale, mwana wa mtu huyo, sikuwa nimepata kuyasikia maneno hayo.

Usiku ule nyumbani, watoto walipolala, nilimwomba anieleze. Akasema kuwa babu yangu alikuwa na kijiji chake mbali magharibi ya Liwale. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wa huko, kwa sababu ya malale, ikasema, na nchi yao ikaingizwa katika pori la wanyama la Selous. Baba alizaliwa baada ya kuhama. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Babu aliiacha miembe yake huko, na hadi anakufa, kila msimu wa maembe alikuwa akisema: "Sasa ndovu wanakula."

"Alikuwa akiwachukia?" nikauliza.

"Hapana. Ndovu hakumfukuza. Alichotaka ni kuulizwa."

Ndugu msomaji, simweki mtu yeyote kizimbani. Mwezi Septemba 1961, hapa hapa Arusha, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba wanyama wa porini ni amana, nasi tutajitahidi kuwahifadhi kwa ajili ya wajukuu wetu. Ahadi ile imetunzwa, na kila asubuhi ninapoyaona yale magari nafahamu kwamba ndiyo inayowalisha watoto wa mtaa wetu. Nisingependa kuishi katika nchi isiyokuwa na yule dume wa Lerai. Lakini hifadhi ina gharama, na gharama hiyo haikulipwa na mimi niliyechanga fedha za gari. Wamelipa wazee waliohama Moru na wazee waliohama Liwale. Nao wanastahili kuulizwa kabla, kushukuriwa baada, na kusikilizwa wakati wote.

Basi nawasihi wafanyakazi wenzangu: changeni, chukueni vitambulisho vya taifa, vaeni masweta, mwende. Wapelekeni wazazi wenu wangali na magoti. Mle ndani ya gari, kwa sababu ya mwewe. Na mkifika ukingoni, msiwe wepesi wa kupiga picha tu. Waulizeni wazee wenu walichokiona, maana mimi nilidhani ninawatembeza, kumbe nilikuwa nikitembezwa.

Wamekwisha kurudi. Mama aliondoka na sweta langu na hasira za mwewe. Baba aliponiaga stendi alinishika mkono, akaniambia kwamba barabara ya kwetu hupitika vizuri wakati wa kiangazi, na kwamba safari ijayo zamu ni yake kunionyesha mimi. Miembe, anasema, ingalipo.