Breki Hazikatai

Chumba changu kiko Banda, chini ya kilima cha Kyambogo, na usiku nasikia malori yakipita Barabara ya Jinja: kwanza mngurumo wa injini, kisha ule mlio wa upepo dereva anapoachilia breki. Mengi yametoka Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,100. Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu kichwa na tela kufikia tani 56. Tela likiacha njia, kesho yake tunasema yaleyale: breki zilikataa.

Naipinga sentensi hiyo, na wanafunzi wa Kiswahili tungekuwa wa kwanza kuipinga, maana tumefundishwa kuuliza kiima ni nani. Hapa kiima ni breki. Mwenye lori hayumo. Meneja aliyepanga safari hayumo, wala aliyetia sahihi fomu ya ukaguzi. Na breki za upepo zimeundwa kinyume na tunavyodhani: upepo ukiisha, springi hubana magurudumu na gari husimama. Zikishindwa mteremkoni, mara nyingi ni kwa kuwa zilikuwa zimelegea au zimelika, kisha zikachemka kwa kukanyagwa mfululizo. Kulegea na kulika huonekana yadini, gari likiwa limesimama.

Mjomba wangu ni dereva wa tela. Likizo iliyopita nilimsindikiza yadini alfajiri. Fomu ya ukaguzi, ukurasa mzima wa Kiingereza, ilikuwa imeshawekewa alama za vema kutoka juu hadi chini kabla hajaligusa gari. Aliitupa kwenye dashibodi, akachukua nondo na tochi, akaanza ukaguzi wake yeye na utingo, kwa Kiswahili. Alipiga kila tairi kwa nondo, hata yale ya ndani, kwa sababu tairi lenye upepo huirudisha nondo na lililoishiwa huimeza. Alipapasa nati, akaangalia kama kuna michirizi ya kutu, dalili ya nati iliyolegea. Aliingia chini ya tela na tochi kuhakikisha taya za chuma zimeishika pini barabara. Kufuli ikionekana imefungwa kwa nje bado si ushahidi. Kisha alijaza upepo, akazima injini, akakanyaga breki bila kuachia huku macho yako kwenye geji. Utingo alitembea kando ya tela akisikiliza.

"Mzee, huku nyuma inanong'ona."

Paipu ya ekseli ya mwisho ilikuwa imepasuka na kufungwa kwa kipande cha mpira wa tairi. Mjomba akasema haendi. Msimamizi akamwonyesha fomu: si imeandikwa gari ni zima? Funguo akapewa dereva mwingine, na tela likaondoka na mpira wake. Mjomba hulipwa kwa safari, kwa hiyo wiki ile hakupata kitu. Yule mwenzake alifika salama, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu yadi nzima ilimcheka mjomba.

Sasa niambieni fomu ile inamlinda nani. Dereva akipata ajali, itatolewa kuonyesha kwamba yeye ndiye aliyethibitisha gari ni zima. Akiona ubovu, hairuhusu kukataa. Na imeandikwa kwa lugha ambayo yeye na utingo wake hawaongei wakiwa chini ya tela.

Mwenzangu mmoja alinijibu kwamba Kiingereza hakina kosa, breki ni breki tu. Neno moja, sawa. Lakini "inanong'ona" ungeiweka kwenye kisanduku gani? Ukaguzi ni mazungumzo ya watu wawili, mmoja kwenye usukani na mmoja chini, na kutoka Mombasa hadi Kampala, hata kuelekea Goma, mazungumzo hayo ni ya Kiswahili. Katiba yetu ilikitaja lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni. Fomu za yadi hazijasikia.

Mei 2018, kule Kiryandongo, basi liligonga usiku trekta lisilo na taa. Walikufa zaidi ya watu 20. Juni 2023, pale Londiani nchini Kenya, lori liliwavamia wachuuzi na abiria kando ya barabara. Walikufa zaidi ya 50. Kuangalia taa za nyuma huchukua dakika moja, na dakika hiyo hakuna anayeilipia.

Nataka fomu ya Kiswahili yenye maswali ya kuulizwa kwa sauti, yenye nafasi ya kuandika "siendi", na malipo ya siku kwa anayeiandika. Wahadhiri wetu, tupeni muhula mmoja wa kozi ya tafsiri tuifanye kazi hiyo. Mimi nimeanza. Nina maswali 14, na nimekwama kwenye lile sahani la chuma lenye grisi ambalo tela hukalia. Kamusi niliyonayo hailijui. Jumamosi nitashuka barabarani kuwauliza wanaolipaka grisi.