Aliyemtoa Mtoto Kwao Ndiye Mzazi Wake

Serikali inapomtoa mtoto nyumbani kwao Kerenge, wilayani Korogwe, kwa sababu anapigwa, anashindishwa njaa au ananajisiwa, imekwisha kutamka kwamba yenyewe itamlea vema zaidi. Akikutana na mateso yaleyale katika makao aliyopelekwa ili anusurike, kosa hilo ni zito kuliko la kwanza, kwa sababu safari hii limetendwa chini ya mhuri wa serikali.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeukabidhi wajibu wa kulinda ustawi wa watoto kwa serikali za mitaa. Kwa watoto wa Kerenge, hiyo ni Halmashauri ya Wilaya ya Korogwe. Basi la kwenda makao ya mbali halihamishi wajibu huo.

Onyo tulikwisha kupewa. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, katika ripoti yake ya mwaka 2011 kuhusu watoto walio vizuizini, ilieleza watoto waliochanganywa na watu wazima, nao wako mikononi mwa serikali vilevile. Huko New Zealand, nchi tajiri kuliko yetu Tanzania, mwaka 2024 tume ya uchunguzi ilikadiria kuwa watoto na watu wazima wapatao 200,000, kati ya 655,000 waliopitia malezi ya dola na ya taasisi za dini tangu 1950, walidhulumiwa. Waziri Mkuu Christopher Luxon aliomba radhi bungeni Novemba mwaka huo, wakati wengi wao wamekwisha kufa. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba tatizo ni uhaba wa fedha tu. Maofisa ustawi wa jamii ni wachache, kweli. Lakini mtoto huachwa mikononi mwa mtesaji pia pale ambapo mkaguzi hutoa taarifa kabla ya kufika, akaongea na msimamizi, akasaini kitabu cha wageni na kuondoka.

Waliookoka malezi ya namna hiyo leo ni watu wazima, wazazi na wakulima. Wakithubutu kusema huulizwa: ulilishwa, ukavishwa, ukasomeshwa, unalalamikia nini? Swali hilo ni ukatili wa pili. Sahani ya ugali haimpi mtu yeyote ruhusa juu ya mwili wa mtoto. Watu hawa wanastahili kusikilizwa na ofisi ileile iliyowapeleka, kuonyeshwa majalada yao, kupata ushauri nasaha na, pale ushahidi upo, kuona mtuhumiwa akifikishwa mahakamani hata kama amekwisha kustaafu.

Ofisa aliyesaini barua ya kumpeleka mtoto amfuate huko bila kubisha hodi mapema, akae naye peke yake, mlezi asiposikia. Na Mkurugenzi Mtendaji wa Korogwe, na mwenzake wa wilaya jirani ya Handeni, wafike kila mmoja mbele ya kikao kijacho cha baraza lake la madiwani na majibu ya maswali haya: ni watoto wangapi wa wilaya yake wanalelewa nje ya kwao, wako makao gani, na ni ofisa yupi aliyewaona kwa macho yake mara ya mwisho, tarehe gani.