Mficha Uchi Hazai: Tasfida na Mfuko wa Haja

Mwanafunzi yeyote wa isimujamii anaifahamu tasfida. Ndiyo adabu ya lugha yetu. Kwayo mtu huenda haja, hujifungua, huaga dunia, na masikio ya mkwe hayaudhiki. Sipingi adabu hiyo. Ninayoipinga ni tasfida inayogeuka kuwa kimya, kwani kimya hicho kina watu kinaowaumiza. Miongoni mwao ni wale wanaoishi na mfuko wa haja.

Saratani ya utumbo, jeraha au utumbo kuziba huweza kumlazimu daktari kutoboa tundu tumboni na kuutoa utumbo nje ili choo kipitie hapo. Mlango huo huitwa stoma, neno la Kigiriki lenye maana ya mdomo. Kwa kuwa hauna msuli wa kuuzuia, mgonjwa hubandika mfuko juu yake. Wapo wanaouvaa kwa miezi michache, na wapo watakaouvaa maisha yao yote.

Ami yangu ni fundi wa baiskeli. Kazi yake ni ya kuchutama kutwa. Alipotoka hospitalini na mfuko wake, muuguzi aliye rika la bintiye alimuuliza kama ana swali. Akajibu hana. Angeanzaje kulisema jambo lile mbele ya mwanawe? Nyumbani mfuko ukawa unabanduka kila achutamapo, na ngozi ikachomwa na uchafu hadi ikachubuka. Akaifunga karakana. Jirani wakasema ugonjwa umemshinda, kumbe kilichomshinda ni mfuko usiomfaa.

Aliyemwokoa ni muuguzi mmoja mtu mzima. Hakumuuliza habari za ugonjwa, alimuuliza, "Baba, siku yako huanzaje na huishaje?" Swali hilo, kwa maoni yangu, ndilo msingi wa kuuchagua mfuko. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti: daktari anaijua stoma, lakini anayeijua siku ni mvaaji.

Tazama jinsi siku inavyoamua. Ipo mifuko ya kipande kimoja, ambayo kibandiko na mfuko vimeshikana. Hiyo ni laini na hujikunja pamoja na tumbo, hivyo humfaa mara nyingi mtu wa kuinama na kuchutama. Ipo ya vipande viwili, ambayo kibandiko husalia mwilini siku kadhaa huku mfuko ukibadilishwa. Hiyo huipumzisha ngozi isiyostahimili kubanduliwa kila mara. Ipo mifuko iliyozibwa, ya kutupwa ikishatumika, ambayo humwelekea mwenye choo kigumu. Mwenye choo chepesi, hasa ambaye stoma yake imetoka kwenye utumbo mwembamba, huhitaji mfuko wenye mdomo chini wa kumwagia. Naye anunuaye kwa fedha zake hana budi kuhesabu, maana mfuko wa kutupwa huisha upesi. Kwa asafiriye kwa matatu kutwa nzima, suala ni wapi ataumwaga mfuko ukifika theluthi moja au nusu, kabla uzito haujauvuta.

Hata ngozi ya ami yangu ilikuwa na sababu isiyo ya ajabu. Stoma husinyaa katika wiki za kwanza baada ya upasuaji, naye alikuwa bado anakata tundu la kibandiko kwa kipimo cha siku ya kwanza. Tundu likiizidi stoma kwa zaidi ya milimita 2 au 3, uchafu huigusa ngozi. Swali moja lingemwepushia maumivu ya miezi. Leo karakana yake i wazi.

Isitoshe, mfuko wa kubandikwa wenyewe ni tunda la watu wawili kusikilizana. Mnamo mwaka 1954 muuguzi wa Denmark, Elise Sørensen, alimwona dadake Thora akiogopa kutoka nje baada ya kufanyiwa upasuaji kama huo. Akawaza mfuko unaojishika kwenye ngozi usivuje. Hakuanzia kwenye stoma. Alianzia kwenye hofu ya dadake ya kutembea njiani.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni ya madaktari, sisi yetu ni ngeli na mashairi. La hasha! Maelezo yaliyomo katika pakiti ya ami yangu yalikuwa ya Kiingereza, na fundi huyo hakisomi. Wauguzi wanayo maarifa. Maneno ni amana yetu. Wanachama wa chama chetu wanaweza kuketi na wauguzi pamoja na wagonjwa, wakaandika ukurasa mmoja tu wa Kiswahili unaosomeka: kipande kimoja, vipande viwili, mfuko wa kutupwa, mfuko wa kumwaga, kibandiko. Wala tusikimbilie kubuni istilahi nzito zitakazohitaji kamusi nyingine. Tuwaulize wavaaji wanaviitaje.

Wala sisemi tuitupe tasfida. "Mfuko wa haja" ni tasfida pia, ila ni tasfida inayomwezesha mzee kulisema lake bila kuona haya, na kijana kumsikiliza bila kuinamisha uso. Hiyo ndiyo kazi yake halisi. Mficha uchi hazai, na asiyepewa neno la kuutajia uchi wake hana hata hiari ya kutoficha.