Mafunzo ya kazi yasingoje mufazili

Wandugu na wadada, vijana wa Kasenga na wa muji wote wa Uvira,

Kila mara tunaomba wafanyakazi wa huku kwetu wafundishwe kazi yao, jibu ni moja: makuta haiko. Mukubwa wa depo anasema vile, mwenye famasi anasema vile, ONG inasema inangoja mufazili. Na sisi wenyewe tumezoea kuisema. Leo tunaikataa. Ni kweli, makuta ni kidogo. Lakini mbele ya makuta, kuko kitu ingine yenye inakosekana: mutu mwenye kukaa chini na kuandika, kwa maneno mafupi, jambo moja lenye mufanyakazi anapashwa kujua kufanya kesho asubuhi.

Tutwae mufano wa hapa nyumbani. Katikati ya mwezi wa 4, 2020, mvua na mito ilitushambulia. Maji ilibeba nyumba, ikaua watu, ikaharibu na mitambo ya maji safi, watu wengi wakarudia kuteka ku ziwa na ku mito. Na kolera haiko mugeni Uvira, tunaishi nayo miaka mingi. Kila mara inaamka, kunaonekana kando ya Tanganyika vijana na wamama wenye kutia klori ndani ya bidoni za watu. Kazi ile inaonekana ndogo. Lakini inaomba kujua mambo: kipimo cha klori kinaenda na ukubwa wa bidoni, klori yenye imekaa ku jua inapoteza nguvu, na maji yenye imetiwa klori inapashwa kungoja dakika 30 mbele ya mutu kuikunywa. Ukisahau moja tu, mama anabeba bidoni mpaka nyumbani akiamini maji ni safi, kumbe bado.

Sasa, kazi kama ile inafundishwa namna gani? Mara nyingi wa kwanza wanaitwa ndani ya sale, siku mbili, kwa Kifaransa, projektere inaangaza ukuta, perdieme inatoka, mambo imeisha. Kisha miezi kidogo wengine wamehama, wengine wamepata kazi ingine. Mupya anakuja, anaangalia mwenzake, anafanya vile ameona. Kosa la mwenzake njo linakuwa somo lake. Ni vile vile kwa mwenye kuuzisha dawa, kwa fundi wa umeme, kwa mwenye kupima ndagala, kwa mwenye kushika kabini ya kutuma feza.

Kufundisha watu wengi kwa makuta kidogo haikuanza na intaneti. Mwaka wa 1973, jirani zetu wa Tanzania walifanya kampeni ya radio yenye kuitwa Mtu ni Afya. Watu karibu milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakisikiliza kipindi, wakisoma kijitabu, wakizungumza na kiongozi wao mwenye kutayarishwa, kisha wakienda kuchimba vyoo na kusafisha mahali pa kuteka maji. Radio peke yake haingefanya ile kazi. Ilikuwa radio, na karatasi, na kikundi, na kitu cha kufanya kisha kusikiliza.

Kenya nayo, kuanzia 2005, Amref pamoja na baraza la wauguzi la inchi ile walianzisha masomo ya kompyuta kwa wauguzi wenye kuwa tayari kazini. Walitaka kupandisha daraja wauguzi zaidi ya 20,000, na hospitali haingeweza kuwaachilia wote warudi ku shule. Kisha wakaja na mafunzo kwa wahudumu wa afya wa vijijini: ujumbe mufupi na sauti, juu ya simu za kawaida zenye kubonyezwa. Wale walikuwa na wafazili wakubwa, sisi hatuko nao. Lakini njia yao tunaweza kuitwaa: somo linamufuata mufanyakazi kwenye anafanyia kazi, ndani ya chombo chenye tayari kiko mu mufuko wake.

Basi tuanze wapi?

1. Chagua kosa moja. "Usafi wa maji" ni kichwa cha seminere. "Kutia klori ndani ya bidoni ya lita 20" njo somo. Uliza kazini: ni kosa gani linatuletea hasara ao hatari kila juma? Anzia pale.

2. Tafuta mwenye kujua. Ni yule mama mwenye amefanya kazi ile miaka na miaka, hata kama hana diplome. Mwombe afanye, wewe uangalie na uandike kila hatua. Kisha umupelekee muuguzi ao fundi wa maji asome kila kipimo mbele ya kurekodi. Sauti yenye iko na kosa inatembea mbio sana kuliko karatasi.

3. Rekodi kwa lugha ya watu. Dakika 3 inatosha. Funga chumba, tundika blanketi ku dirisha, ngoja pikipiki zipite. Sema Kiswahili chetu cha hapa. Katiba ya 2006 inakihesabu kati ya lugha nne za taifa. Hatuombe ruhusa ya mutu. Somo la bure lenye mufanyakazi haelewi, bei yake ni kali.

4. Hesabu mega. Dakika 3 za sauti ya WhatsApp haifike mega 1. Video ya dakika zile zile inaweza kukula mega 20 ao zaidi. Tumia sauti na picha mbili, tatu. Mwenye hana mega, mupatie kwa Bluetooth ao kwa kadi ya memori. Kama kazini kuko kompyuta moja ya zamani, kuko programu ya bure yenye kuitwa Kolibri, inatumika hata bila intaneti. Moodle pia ni ya bure, lakini inaomba seva na mutu wa kuichunga kila siku. Usianzie pale.

5. Pima kwa mikono. Patia somo watu watatu wapya. Usiwaulize "mumeelewa?", juu wote watasema ndiyo. Waambie wafanye. Kwenye mikono inasimama, pale njo somo lako liko mubaya. Rudia kurekodi kipande kile tu.

6. Andika tarehe ku jina la sauti, na uchague mutu mumoja wa kufuta ya zamani. Kipimo kikibadilika na sauti ya mwaka jana ikiendelea kutembea, mutafundisha watu kukosea.

Kuko wenye watasema: na mwenye hana simu kubwa? Weka simu moja na kipaza sauti kidogo pale kazini, watu kumi wasikilize pamoja asubuhi mbele ya kuanza, kama vikundi vya 1973. Wengine watasema: kazi ya mikono haifundishwe na simu. Ni kweli. Mutu wa kuonyesha anabakia lazima. Simu inamusaidia asirudilie maneno yale yale mara mia, na inakumbusha mupya siku mwalimu hayuko.

Sasa tuseme wazi juu ya bei. Mega, kadi, kuchaji simu: ile tunaweza kuchanga. Lakini bei kubwa ni wakati wa mufanyakazi, na wakati ule haiko bure. Kuna hatari hapa: "makuta kidogo" inaweza kuwa njia ya kumufundisha mutu usiku, kwa mega zake, kisha kumugombeza asubuhi kwamba hakusikiliza. Ile hatutaikubali. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwa wakubwa wa kazi na ONG: somo lisikilizwe ndani ya saa za kazi, na mega zitoke kwenu. Mwenye kutoa ujuzi wake alipwe kwa siku ile, na jina lake lisikike ndani ya sauti kama yeye anapenda.

Kwa wenye kuwa na mukataba: inchi yetu iko na INPP tangu 1964, kwa kazi ya kutayarisha wafanyakazi, na sheria inaomba waajiri waichangie. Uliza kwa heshima, kwa maandishi: muchango ule unatuletea mafunzo gani hapa Uvira? Ni haki yako kuuliza.

Na kwa sisi wengine, wengi zaidi, wenye kufanya kazi bila hata karatasi moja ya mushahara: hakuna ofisi yenye itatuletea somo. Tukingoja, tutaendelea kujifunza kwa makosa, na makosa ingine inafika mpaka ku kaburi.

Kila kikundi cha avenii kichague kazi moja, kimutafute mwenye kuijua, na kilete sauti ya dakika 3 mbele ya mwisho wa mwezi. Tutazisikiliza pamoja, wenye kufanya kazi ile wakiwa mbele, siyo wakubwa. Sauti yenye itapita itaenda kazini siku ile ile. Yenye haitapita itarudi kurekodiwa.

Vijana wa Kasenga, Uvira