Positano Haikupigii Picha

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hawakusema kizuri chajipiga picha. Hiyo ni imani ya siku hizi, na imeenea kuanzia Masaki hadi Kilimani, kuanzia London hadi Toronto: kwamba ukiihamishia harusi yako kwenye mwambao wa Italia, kwenye zile nyumba za rangi ya malai na waridi zilizopandiana juu ya bahari, mengine yote yatajipanga. Mpiga picha kazi yake itakuwa kubonyeza tu. Mahali penyewe patamaliza.

Napinga. Uzuri wa mwambao ule sina shaka nao. UNESCO iliuingiza mwambao wa Amalfi katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997, na mwaka huohuo ikaiingiza Cinque Terre kule Liguria. Ninachokikataa ni wazo kwamba uzuri wa mahali huhamia kwenye albamu bila kuombwa. Picha ya harusi inajengwa na vitu viwili: saa na watu. Pwani ya Italia, ukiiendea kichwakichwa, hukunyang'anya vyote viwili.

Tuanze na saa, maana saa ni jua. Maharusi huuliza bei ya ukumbi, idadi ya viti, rangi ya maua. Ni nadra kumsikia mmoja akiuliza pwani ile inatazama upande gani. Mtu akiambiwa "harusi ya machweo" anajiona amesimama huku jua likizama baharini nyuma yake. Sasa twende Polignano a Mare, ule mji wa Puglia uliojengwa ukingoni mwa jabali. Bahari yake ni Adriatic, na Adriatic iko mashariki. Pale jua huchomoza majini. Jioni huzama nchi kavu, mgongoni mwa mji. Twende Ravello ya mwambao wa Amalfi, mita zipatazo 350 juu ya bahari, kwenye bustani za Villa Rufolo na Villa Cimbrone ambazo kila mwenye pete ya uchumba amezihifadhi kwenye simu. Zinatazama upande wa mashariki na kusini-mashariki. Positano, kwenye mwambao huohuo, inatazama kusini, lakini imekumbatiwa na milima ya Lattari, na wakati wa kiangazi jua la kule huzama kaskazini-magharibi, yaani nyuma ya milima hiyo. Saa ya machweo iliyoandikwa kwenye kalenda haijafika, kivuli cha mlima kimeshaufunika mji. Jirani yake Praiano ndiyo inayokaa na jua la jioni kwa muda mrefu zaidi, na Sorrento, kwa kuwa inaitazama Ghuba ya Napoli, nayo hupata machweo ya maana. Bi harusi anayeota jua likizama baharini pale Ravello mwezi Juni anaota kitu ambacho jiografia haijakiweka.

Kisha kuna ratiba tuliyozoea nyumbani. Sisi tunaotoka karibu na ikweta, jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, na giza halichelewi. Ratiba zetu zimejengwa juu ya mazoea hayo: ibada saa nane mchana, picha saa tisa au saa kumi, ukumbini saa moja. Ichukue ratiba hiyo uipeleke Amalfi mwezi Juni. Kule, kwa kuwa saa husogezwa mbele wakati wa kiangazi, jua hufika kileleni saa saba mchana, na hupanda hadi karibu digrii 73. Saa tisa, wakati nyinyi mmepanga picha, bado liko juu kuliko linavyofika mchana wa katikati ya Oktoba. Macho yanakuwa mashimo, pua inaangusha kivuli juu ya mdomo, gauni jeupe linawaka. Kisha saa mbili kasoro usiku, mwanga unapolainika na kuwa ule wa dhahabu unaozungumzwa na kila mtu, maharusi wamekalishwa ndani wanasikiliza hotuba ya baba mdogo. Jua linazama karibu saa mbili na nusu bila shahidi.

Wenye ngozi nyeusi ndio wanaoumia zaidi katika mchezo huu. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe, hupima mwanga wote ulio mbele yake na kujaribu kuuleta kwenye wastani. Wasimamishe maharusi weusi mbele ya bahari inayometa, ukuta uliopakwa chokaa na gauni jeupe: kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza. Bahari inapona, gauni linapona, nyuso zinapotea. Tatizo haliko kwenye ngozi, wala kamera haina nia mbaya. Ni mpiga picha aliyeiachia mashine uamuzi uliokuwa wake. Anayeijua kazi hupima mwanga wa uso kwanza, huwaingiza maharusi kwenye kivuli chenye mwanga, huutumia ukuta mweupe urudishe nuru usoni, au huongeza taa. Kwa hiyo kabla hujatoa arbuni, omba akuonyeshe harusi moja nzima, kuanzia kuvaa hadi kucheza, badala ya zile picha kumi alizozichagua. Tena iwe harusi ya watu wenye rangi kama yako, waliopigwa jua la mchana. Asipokuwa nayo, hiyo haimfanyi mtu mbaya. Inamfanya mtu atakayejifunzia kazi kwenye siku yako.

Utaniuliza: mbona picha za kule tunazoziona zote ni nzuri? Kwa sababu saa ilichaguliwa, na watu waliondolewa. Ile picha ya Positano isiyo na mtu ngazini ilipigwa alfajiri, kabla boti hazijashusha abiria. Nyingi ya zile za bi harusi peke yake kwenye roshani hazitoki kwenye harusi kabisa. Ni kazi za kujitangaza: mpiga picha, mpambaji, fundi wa nywele na mwenye magauni wanakutana siku tulivu, wanamvalisha mwanamitindo, wanasubiri mwanga. Hakuna mvua, hakuna mshereheshaji anayeita, hakuna mama mkwe aliyekwama njiani. Hakuna dhambi kuzipiga. Kosa ni kuzitumia kama ushahidi wa kile kitakachotokea siku yako, saa tisa mchana, mbele ya safu za miavuli ya ufukweni na watalii wanaolamba aiskrimu.

Na kukwama njiani si mzaha. Mwambao wa Amalfi unahudumiwa na barabara moja kuu, SS163, nyembamba, iliyochongwa ubavuni mwa mlima, ambako mabasi mawili yakikutana kwenye kona huenda moja likalazimika kurudi nyuma. Msongamano ulizidi hata kuanzia mwaka 2022, katika siku za msimu wenye watu wengi, magari yakawekewa zamu kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni: namba za shufwa siku moja, za witiri siku nyingine. Teksi na magari ya kukodi yenye dereva yamesamehewa zamu hiyo. Foleni haiyasamehi. Njia ya bahari ipo, lakini boti hazitoki mawimbi yakichafuka, na ukishuka Positano zinakusubiri ngazi juu ya ngazi, gauni la mkia mrefu mkononi. Ratiba iliyoandika "dakika 20 kutoka kanisani hadi bustanini" imeandikwa na mtu asiyeijua barabara ile. Dakika zinazoliwa pale hazitoki kwenye chakula wala kwenye hotuba. Zinatoka kwenye picha.

Huko Portofino, kule Liguria, mambo yalifika mbali zaidi. Mwaka 2023 manispaa ilitenga maeneo mawili ambayo mtu hakuruhusiwa kusimama na kuziba njia kati ya saa nne na nusu asubuhi na saa kumi na mbili jioni, faini ikifika hadi euro 275. Mji uliojipatia umaarufu kwa picha ukaanza kuwatoza wanaoganda kupiga picha. Wewe unakwenda na maharusi, wapambe sita na ngazi ya mpiga picha.

Sheria nayo ina saa zake. Kwa sheria ya Italia, ndoa ya kiserikali hufungwa hadharani katika nyumba ya manispaa, mbele ya msajili na mashahidi wawili. Mgeni lazima alete hati ya mamlaka ya nchi yake inayothibitisha kwamba hana kizuizi, wao huiita nulla osta. Kama hajui Kiitaliano, lazima awepo mkalimani. Mwanamke ambaye ndoa yake ya awali ilivunjika anaweza kutakiwa kusubiri siku 300, isipokuwa apate ruhusa ya mahakama. Manispaa nyingi za pwani zimezipa baadhi ya bustani na kumbi za kale hadhi ya nyumba ya manispaa ili ndoa zifungwe humo. Lakini msajili ni mtumishi wa umma, ana saa za kazi, na saa zake hazikupangwa kwa kufuata mwanga wa dhahabu.

Ndiyo maana wageni wengi hufunga ndoa kwao kisha wakaenda Italia kufanya hafla. Mastaa wa Marekani Kourtney Kardashian na Travis Barker walifunga ndoa ya kisheria Santa Barbara, California, tarehe 15 Mei 2022. Wiki moja baadaye wakafanya sherehe kubwa Castello Brown, juu ya bandari ya Portofino. Siwacheki. Kwa kweli hiyo ndiyo njia ya busara zaidi, kwa sababu hafla isiyo na msajili mnaipangia saa mnayotaka nyinyi. Ninachotaka ni tuseme ukweli: wengi wanaosema wameoana Italia wamekwenda Italia kupiga picha. Basi kama picha ndiyo safari, ipangeni kwa heshima ya picha, wala msiiachie ijipange.

Nije kwenye kitu cha pili, watu. Waswahili hatuna msemo wa kweli kuliko huu: shughuli ni watu. Mtanzania, Mkenya au Mganda anayekwenda Italia anahitaji viza ya Schengen. Tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, hairudishwi ukikataliwa, na juu yake kuna taarifa za benki, bima, alama za vidole na miadi ya kusubiri. Zidisha kwa mama, baba, mjomba, shangazi wawili, na bibi ambaye hata akiipata viza magoti yake hayataziweza ngazi za Positano. Mwisho wa hesabu, albamu ina picha mia nne za watu wawili wakitazamana kwenye roshani, na haina hata moja ya mama mzazi akimfunika bintiye shela, wala ya shangazi aliyefumba macho akipiga kigelegele. Miaka thelathini ikipita, wajukuu hawataulizia ile bahari, itakuwa bado ipo palepale. Watauliza, "Huyu ni nani?" Picha isiyoweza kuulizwa swali hilo ni kadi ya posta.

Kuna hoja ninayoiheshimu: wapo wanaokwenda mbali kwa makusudi, kuikimbia kamati. Wamechoka na michango, na vikao vya kila Jumapili, na wageni mia sita ambao nusu yao hawamjui bwana harusi. Haki yao. Harusi ya watu kumi inaweza kuwa na utu kuliko ya watu elfu. Lakini uamuzi huo ufanywe waziwazi, kwa majina, mezani. Anayeikimbia kamati ajue nani mwingine anamwacha nyuma, asije akagundua kwenye geti la uwanja wa ndege kwamba amemkimbia pia mama yake.

Kwa hiyo mpangilio uliozoeleka ugeuzwe. Watu huanza na mahali, kisha tarehe, kisha mpiga picha, na mwisho hukumbuka wageni. Anza na majina ya wale ambao bila wao hakuna harusi. Tazama pasipoti zao na miguu yao. Halafu chagua mwezi: Agosti, hasa karibu na sikukuu ya Ferragosto tarehe 15, Italia nzima iko likizo na barabara ile haipitiki, ilhali mwishoni mwa Septemba jua limeshashuka kidogo, bahari bado ina joto, na boti bado zinafanya kazi. Halafu chagua saa. Halafu uliza ni upande gani wa mwambao unaopata mwanga saa hiyo. Mahali paje mwisho, kama jibu la maswali hayo. Mpiga picha afike jana yake, saa ileile, asimame palepale. Na kwenye ratiba mliyokubaliana na mratibu na mshereheshaji, iandikwe saa nzima ambayo haina hotuba, haina keki, haina mtu wa kuita. Ina mwanga na watu wenu tu.

Ukifanya hayo, huenda ukaishia Praiano badala ya Positano, au Sorrento, au Malindi. Utapata picha nzuri popote katika hizo. Na yeyote anayekuuzia mwambao bila kukuuliza bi harusi atasimama saa ngapi, akitazama wapi, na nani pembeni yake, anakuuzia tiketi ya utalii na kuiita harusi. Mlipe bei ya tiketi.