Jasho la mvuvi na mizani ya dola

Fedha inunuayo ugali na migebuka hapa Buzebazeba, ikibadilishwa benki, haitoshi mlo kama huo mjini London. Kwa hiyo pato la taifa letu kwa kila mfanyakazi, likihesabiwa kwa dola za benki tu, huonesha jasho la mvuvi kuwa dogo kuliko lilivyo. Ndiyo maana tangu 1968 wachumi hulinganisha bei za nchi mbalimbali, wapime pato kwa uwezo wa kununua.

Twaona hilo ni la haki. Lakini wastani hauoni mgawanyo, wala hauhesabu kazi ya mama anayepika na kulea bila ujira. Yohane Paulo II, katika waraka wake wa 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu. Basi, tugawanapo mavuno ya ziwa, tujiulize: je, aliyeanika dagaa mchangani amepata stahili yake?